Nusu ya Nyumba Haina Mlango Wake: Barua ya Wazi Kuhusu Nyumba za Familia Zinazouzwa kwa Ufilisi

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, kwa Waziri wa Ardhi, na kwa wabunge mnaotunga na kurekebisha sheria zetu za ardhi, ndoa na ufilisi.

Waheshimiwa,

Karatasi ya kuuza nyumba yetu kwa mnada ilibandikwa kwenye lango letu Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, nikijiandaa kwenda shuleni. Kijana wa dalali alikuwa na kikopo cha gundi ya unga wa ngano na brashi ya kupakia rangi. Nilipofungua lango nilimkuta anaipangusa kwa kiganja ili pembe zishike. Alikuwa ameibandika juu ya tangazo langu mwenyewe, la masomo ya ziada ya Kiswahili kwa watoto wa gredi ya sita. Nilimsalimia. Akaitikia vizuri, kijana mwenye adabu, kisha akaniuliza kama mwenye nyumba yuko. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akaitazama karatasi yake, akasoma jina la mume wangu, akasema, "Hapa hujaandikwa, mama."

Ninawaandikia kwa ajili ya neno hilo. Sikuandikwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilianza kushika chaki 1989, nikaiweka chini 2025 nilipotimiza miaka 60. Nyumba ninayoizungumzia iko Buruburu, Nairobi, ya ghorofa moja na vyumba vitatu vya kulala, katika uwanja ambao familia kumi na mbili tunatumia njia moja na taa moja ya usalama. Tuliinunua 1998, mimi na mume wangu. Malipo ya kwanza yalitoka kwenye mkopo wangu wa Sacco ya walimu, nao nilikatwa kwenye mshahara kwa miaka mitano. Yaliyobaki alilipa yeye, kwa duka lake la vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, misumari, vyuma vya nguzo. Tulipokwenda kuandikisha hati, wakili alituuliza tunataka iandikwe vipi. Mume wangu akasema, mbele yangu, kila mtu na nusu yake. Sikumwomba. Alikuwa amemwona dada yake akitolewa kwenye nyumba ya ndoa akiwa na mabegi mawili, hakutaka mimi yanikute hayo. Tulitoka pale tukijua kwamba sheria imetuelewa.

Duka lilianza kuyumba 2019. Wateja wawili wakubwa walichukua vyuma na saruji kwa mkopo, kila mmoja na mradi wake, wakachelewa kulipa, kisha hawakulipa kabisa. Aprili 2020, korona ilipofanya Nairobi ifungwe na watu wasiingie wala kutoka, mafundi wa mbali waliokuwa wakimnunulia hawakuweza kufika. Waliokuwa wakimletea mali nao walitaka pesa zao, na ni haki yao. Mume wangu alikuwa ameweka sahihi yake binafsi kudhamini madeni ya duka, bila kuniambia, kwa sababu aliamini ni ya miezi michache. Alipewa notisi ya siku 21 kama sheria inavyotaka. Hakuweza kulipa. Mwaka 2022 akatangazwa kuwa mufilisi.

Nataka ieleweke kwamba siwalaumu wadai. Dawa ya deni ni kulipa. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mwenye lori moja tu, aliyekuwa akituletea kokoto, ambaye naye alikuwa na watoto wa kupeleka shule na lori lenye mkopo. Kila nikimwona Jogoo Road niliona haya, ingawa hakuwahi kunisema. Simlaumu jaji pia. Alisoma sheria iliyokuwa mbele yake na akaamua kwayo. Nyumba haikatwi vipande viwili kama mkate. Nusu ya nyumba haina mlango wake, haina choo chake, haina mtu atakayeinunua. Kwa hiyo mali ya mufilisi ikishaingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi, yule anayekabidhiwa mali hiyo ili wadai walipwe, na mali hiyo ikiwa ni nusu ya nyumba, njia rahisi ni kuomba mahakama iamuru nyumba yote iuzwe, kisha asiyedaiwa apewe nusu ya kitakachobaki. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni ya haki kabisa.

Naomba niwaonyeshe jinsi ilivyokwenda kwetu.

Nilikuja kugundua kwamba jina langu lilikuwamo kwenye kesi, mjibu maombi wa pili. Nyaraka zangu zilikuwa zimepelekwa dukani, na kiapo kikaandikwa kwamba nimezipokea. Duka hilo lilikuwa limefungwa miezi minane. Wapangaji wapya walikuwa wanauza vipuri vya pikipiki. Msichana wa pale aliipokea bahasha, akaiweka chini ya kaunta akisubiri mtu apite aiulize, na alipokuja kunipa, baada ya mimi kwenda kumtafuta, ilikuwa na alama ya kikombe cha chai. Ninayo hadi leo. Wakati huo amri ya kuuza ilikuwa imeshatoka. Nilikimbilia kwa wakili, tukaomba kusikizwa, nikapewa siku 30 za kujipanga.

Siku 30, Waheshimiwa. Mwalimu aliyebakisha mwaka mmoja astaafu anaambiwa apate pesa za kununua nusu ya nyumba yake kwa siku 30. Sacco hata haijakaa kikao cha mikopo kwa muda huo.

Nilijaribu. Mthamini alikuja na futi yake ya mkononi, akapima hadi bafu, akaandika kwamba nyumba ina thamani ya shilingi milioni 11 sokoni. Nikajua siwezi kufika huko. Lakini nilijua pia kwamba nyumba ikipigwa mnada haitafika huko. Kila mtu Eastlands anajua bei ya mnada. Nikaanza kukusanya. Sacco ilikubali kunipa 2,100,000 kwa dhamana ya akiba yangu na malipo yangu ya kustaafu. Kifungua mimba wangu, aliye kazini Mombasa, akaleta 600,000 alizokuwa ameweka za harusi. Chama chetu cha akina mama wa uwanja kikanikopesha 400,000 bila riba. Tukauza kiploti chetu kando ya Kangundo Road tukapata 500,000. Jumla milioni 3.6. Zilichukua miezi mitano kutimia. Nilikuwa nimepeleka barua mapema, kwa mkono, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa, nikieleza kwamba pesa zinakuja na kutaja kila shilingi inakotoka. Nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri kama nilivyoambiwa. Wiki moja kabla Sacco itoe hundi, nyumba ilipigwa mnada.

Iliuzwa milioni 7.6.

Kutoka hizo kulitolewa za dalali, za mawakili, za mthamini, za matangazo ya gazeti, za kodi ya ardhi ya kaunti iliyokuwa imelimbikizana. Zilifika laki tisa. Zikabaki milioni 6.7, tukagawa katikati. Wadai walipata 3,350,000. Nami nikapata 3,350,000.

Isomeni tena hesabu hiyo. Mimi nilikuwa nawapa wadai milioni 3.6 na kubaki na nyumba. Sheria iliwapa pungufu ya hapo na kuniacha bila nyumba. Yule mama wa lori la kokoto alipata kidogo kuliko ambavyo angepata kama ningeongezewa wiki moja. Nani alifaidika? Aliyenunua, basi, na hata yeye simlaumu. Aliona tangazo, akaja na pesa zake.

Na nusu yangu ilichangia gharama zote zile. Fedha za dalali na za mawakili zilikatwa kwanza kwenye jumla, kabla ya kugawa, kana kwamba mimi pia nilitaka kuuza. Shilingi 450,000 za nusu yangu zililipia kuuzwa kwa kitu ambacho sikutaka kiuzwe, kwa deni ambalo sikulikopa. Kila ninapofika kwenye tarakimu hiyo hasira hunipanda, na ninaomba radhi kama inasikika kwenye barua.

Sasa nije kwenye sheria, maana nimeisoma. Nilikuwa na muda, na nilifundisha watoto kusoma kwa makini kwa miaka 36.

Katiba yetu ya 2010 inalinda mali ya kila mtu katika kifungu cha 40. Kifungu cha 43 kinazungumzia makao yanayofaa, na cha 45 kinasema familia ndiyo msingi wa jamii na kwamba wanandoa wana haki sawa. Halafu kipo kifungu cha 68, ambacho wengi hawakijui: kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mali ya ndoa, na hasa nyumba ya ndoa, wakati ndoa inaendelea na inapovunjika. Kinataja nyumba ya ndoa kwa jina lake. Walioandika Katiba walijua nyumba si sawa na gari au shamba la mahindi.

Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 12 ni kizuri mno mwanzoni. Mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa wala kuiweka rehani bila mke kukubali, na mke vivyo hivyo. Mume hawezi kumtoa mke nyumbani bila amri ya mahakama. Kisha kinasema hakuna mtu mwingine yeyote anayeweza kumtoa mwanandoa kwenye nyumba ya ndoa, isipokuwa watatu: anayeuza kutekeleza hukumu ya mahakama, mkopeshaji aliyewekewa nyumba rehani, na msimamizi wa ufilisi.

Nilipoufikia mstari huo wa msimamizi wa ufilisi niliusoma mara tatu. Ni maneno machache tu, halafu kifungu kinaendelea na mambo mengine. Hakisemi msimamizi huyo atoe notisi ya siku ngapi, wala notisi hiyo imfikie nani na kwa njia gani. Hakisemi afanye nini akikuta nusu ya nyumba ni ya mtu asiyedaiwa hata senti, au akimkuta mtoto ndani, mgonjwa, au mzee. Mlango umefunguliwa kwa neno moja, na ulinzi wote uliojengwa juu yake unapotelea hapo.

Mtazame wa pili katika orodha hiyo, mkopeshaji mwenye rehani. Huyo amefungwa vizuri. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka atoe notisi ya siku 90 kwanza, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kifungu cha 97 kinamtaka atafute bei bora kabisa inayoweza kupatikana, na afanyishe uthamini kabla ya kuuza. Akiuza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Nyumba yetu iliuzwa chini ya bei ya soko kwa zaidi ya asilimia 30. Kama ingekuwa benki imeuza kwa rehani niliyoitia sahihi mimi mwenyewe, ningekuwa na kifungu cha kusimamia. Kwa kuwa sikutia sahihi popote, nilikuwa na kinga ndogo kuliko ya aliyetia. Ninawaomba mkae na jambo hilo kidogo. Asiye na deni amelindwa kidogo kuliko mwenye deni.

Wapo watakaosema: mwalimu, watu wanajificha. Mtu anakopa mamilioni, anaandika nyumba kwa jina la mke, kisha anasema mimi sina kitu. Ni kweli, wapo, na Nairobi tunawajua. Lakini Sheria ya Ufilisi ya 2015 tayari inampa msimamizi uwezo wa kwenda mahakamani kuvunja zawadi na mauzo ya bei ya kutupa yaliyofanywa ili kuwakimbia wadai. Atumie hiyo. Aangalie tarehe ya hati: jina langu liliandikwa 1998, deni likaja 2019. Aangalie stakabadhi za mshahara, nilikokatwa mwezi kwa mwezi. Mjanja akamatwe kwa ujanja wake, na mtu mwingine asibebeshwe mzigo kwa sababu ya mjanja huyo.

Bunge lenyewe lilishawahi kurudi nyuma katika jambo hili. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilipotungwa, haki za mwanandoa juu ya mali ya ndoa zilikuwa miongoni mwa zile zinazoishikilia ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari la ardhi. Mwaka 2016 mstari huo ulifutwa. Najua mabenki yalihitaji uhakika. Ila kilichofutwa hakikuwekewa kingine mahali pake kwa ajili ya mtu aliye ndani ya nyumba.

Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya sheria hizi, wamelifikiria suala hili kwa undani zaidi. Sheria yao ya ufilisi ya 1986 inaitaka mahakama, inapoombwa iuze nyumba anamoishi mwenzi wa mufilisi, iangalie mahitaji ya mwenzi huyo na uwezo wake wa kifedha, mahitaji ya watoto, na kama mwenzi alichangia kuleta ufilisi. Ukipita mwaka mmoja tangu mali ikabidhiwe msimamizi, maslahi ya wadai hutangulia, isipokuwa pawe na hali ya kipekee. Kwa hiyo familia hupata kama mwaka wa kujipanga. Na tangu 2004 msimamizi ana miaka mitatu tu ya kuchukua hatua juu ya nyumba anayoishi mufilisi au mwenzi wake. Akilala, fungu lile linarudi kwa mufilisi. Sisemi Waingereza wana huruma kuliko sisi. Kule pia nyumba zinauzwa na watu wanalia. Lakini mtu anajua ana muda gani.

Mwaka mmoja ungenitosha. Miezi sita ingenitosha.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi tangu 2011. Ana miaka 84 na macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Tulimpa chumba cha chini, kile kilichokuwa chumba cha kulia. Kutoka kitandani kwake hadi msalani zilikuwa hatua kumi na moja. Alizihesabu siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuhitaji kushikwa mkono na mtu, hata usiku. Sasa tunapanga vyumba viwili Utawala. Msala uko hatua saba. Nusu mwaka umepita na bado anahesabu kumi na moja. Namsikia usiku: saba, nane, kisha kiganja kinagonga ukuta. Hasemi kitu. Anapapasa hadi anapata mlango. Hakuna karatasi yoyote ya kesi ile iliyomtaja. Hakuna aliyeuliza nani analala chumba cha chini.

Ninachoomba ni hiki.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kirekebishwe ili msimamizi wa ufilisi asimame pale pale aliposimamishwa mkopeshaji wa rehani, na zaidi kidogo, kwa sababu mkopeshaji alikubaliwa na mwenye nyumba na msimamizi hakukubaliwa na mmiliki mwenza. Kabla nyumba ya familia haijaamriwa kuuzwa, mahakama iwe na wajibu wa kuuliza, hata kama hakuna aliyejitokeza kujibu: nani anaishi humo? Nani mwingine ana jina kwenye hati? Alichangia nini, na alihusika vipi na deni? Atalala wapi? Maswali hayo yanajibika kwa ziara moja ya ofisa mmoja. Dalali alifika kwetu mara tatu. Mthamini mara moja. Wa kuuliza hayo hakufika.

Mmiliki mwenza apewe nafasi ya kwanza, tena nafasi yenye muda ndani yake. Kuniambia naweza kununua fungu linalouzwa hakunisaidii ikiwa siku zenyewe hazitoshi hata Sacco kukaa. Wekeni miezi sita, na mwaka mzima pale penye watoto wa shule au mtu wa kuuguzwa. Bei ya kununulia iwe nusu ya kile ambacho mnada ungeleta baada ya gharama kutolewa, kwa sababu hicho ndicho wadai wangepata kwa vyovyote vile. Wakipewa zaidi, wamefaidi. Ombi la mmiliki mwenza likipokelewa na kupigwa muhuri, mnada usimame mpaka lijibiwe kwa maandishi. Hili la mwisho hata halihitaji Bunge. Mheshimiwa Jaji Mkuu, kanuni au mwongozo wa mahakama ungetosha.

Gharama za kuuza zitoke kwenye fungu la mufilisi, si la mwenzake.

Kuhusu notisi, Mheshimiwa Waziri, wizara yako ilizindua Ardhisasa, mtandao wa rekodi za ardhi, hapa Nairobi Aprili 2021, na tukaambiwa kila mwenye ardhi afungue akaunti kwa kitambulisho na nambari ya simu. Nilifungua. Nilipiga foleni ya mtandao usiku kwa sababu mchana haukufunguka. Mtandao huo una nambari yangu. Nikituma shilingi hamsini kwa muuza sukuma wiki, simu yangu inalia papo hapo kuniambia zimetoka. Iweje amri ya kuuza nyumba yangu ya milioni 11 iandikwe kwenye daftari na simu yangu inyamaze? Ujumbe mmoja kwa kila jina lililo kwenye hati, siku ile ile zuio au amri inapoandikwa, ungenifikia kabla bahasha haijawekewa kikombe cha chai. Tangazo la Gazeti Rasmi la kila Ijumaa haliwezi kuwa ndiyo njia ya kumjulisha mwalimu wa Buruburu.

Na mtu anapopewa ile notisi ya siku 21, apewe pamoja nayo karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye kumweleza kwamba sheria ya 2015 ina njia ya kukaa na wadai na kukubaliana kulipa polepole chini ya msimamizi, na kwamba mwenzake wa hati ana haki zake na aitwe mapema. Mume wangu hakujua. Alikuwa mtu wa kuuza misumari, na aibu ilimfunga mdomo. Aliificha notisi ile kwenye kitabu cha stoo siku kumi na nne. Laiti angenionyesha siku ya kwanza, tungekwenda pamoja kwa wale watu. Wengi wao tulikuwa tunajuana hadi kwenye harusi za watoto.

Kuna jambo jingine ambalo sina hakika mnaliona kutoka mlipoketi. Sheria ya ufilisi haimfungi mtu maisha. Miaka mitatu baada ya kuwasilisha maelezo ya mali na madeni yake, mufilisi anaachiliwa, isipokuwa pawe na pingamizi, ili aanze upya. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Mume wangu aliachiliwa 2025. Siku hiyo alivaa shati jeupe, akaenda kunyolewa, akarudi na mkate na maziwa, tukanywa chai. Nilimfurahia, ni mume wangu. Ila nilipokuwa nikiosha vikombe nilijiuliza mimi naachiliwa lini. Mimi sikuwahi kuwa mufilisi, kwa hiyo hakuna tarehe ambayo nitaachiliwa. Zile 3,350,000 nilizopewa zinalipa kodi ya nyumba ya shilingi 18,000 kila mwezi, zimelipa chama, na sehemu nimemrudishia mwanangu za harusi yake. Haziwezi kununua nyumba Nairobi, na kwa umri wangu hakuna atakayenikopesha nyingine.

Aliyeinunua ile yetu aliniita mwezi uliopita nikachukue tangi la maji lililokuwa juu ya paa. Tuliliweka 2009 kwa pesa za chama, kwa sababu mgao ulikuwa maji mara mbili kwa wiki. Alisema fundi wake amemwambia ni dogo, ataweka jingine. Nikaenda na mkokoteni. Lango limepakwa rangi mpya, nyeusi. Pembeni, pale rangi haikufika vizuri, bado ipo kipande cha karatasi ya dalali, na chini yake herufi mbili za tangazo langu la masomo.

Waheshimiwa, niko tayari kuja mbele ya kamati yoyote au ofisi yoyote mtakayoniitia, siku yoyote isipokuwa Jumamosi asubuhi, ambapo nafundisha wale watoto. Nitakuja na hati ya 1998, stakabadhi za mshahara wangu, barua yenye muhuri wa kupokelewa, na ile bahasha.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu mstaafu,
zamani wa Buruburu, sasa Utawala, Nairobi